Sikilizeni S Kabla Hamjanunua Spika

Mjukuu wangu Zaituni kaniletea vile vidude vya kuvaa masikioni, vya kampuni kubwa, vya bei ambayo nilipoisikia niliomba maji ya kunywa. Anataka kujua kama vina thamani hiyo kweli au ni jina tu. "Babu, wewe ulikuwa fundi redio tangu enzi za Mwingereza. Vivae useme." Nikavivaa. Akaniwekea msomaji wa habari. Nikafumba macho nikasikiliza kitu kimoja tu, herufi S. Nilipoisikia inapita safi nikavivua haraka, nikavitupa mezani, mtoto akadhani nimeugua.

Sikuugua. Niliogopa. Mzee wa umri wangu anaogopa S, chekeni basi mmalize. Mkishamaliza kucheka nitawaeleza fundi anavyopima spika, maana ninyi vijana mnanunua kwa macho, halafu nitawaeleza woga huu niliupata wapi.

Ufundi niliupata jeshini, vita vya Mfalme wa Uingereza, na aliyenifundisha alikuwa Sajenti Phiri, mtu wa Nyasaland, mfupi, mkali, mwenye kidole kimoja kilichoungua kwa chuma cha kulehemu mpaka hakikuwa na kucha. Sisi tuliokuwa upande wa simu na redio tulivaa spika za masikioni kutwa, nzito kama sufuria mbili. Zilikuja za aina mbili. Kulikuwa na za maofisa, zenye ngozi laini na jina limechongwa kwenye shaba, na kulikuwa na zetu, bati tupu. Siku ya kwanza nilijipendekeza, nikasema za maofisa zinasema vizuri zaidi. Sajenti akanifunga kitambaa machoni. Akanivisha moja, akanivisha ya pili, kila mara anasema kwenye maiki, "Sisimizi sita, sisimizi sitini na sita." Nikachagua ya pili, kwa kujiamini kabisa. Akanifungua kitambaa. Ilikuwa ya bati.

"Bum-bum kila spika inayo," akasema. "Hata debe lina bum-bum. Spika mbovu inakula S kwanza. Ukisikia imizi ita badala ya sisimizi sita, tupa."

Basi hilo ndilo somo lenyewe, na sijapata kubwa kuliko hilo. Mnapokwenda dukani msimwambie muuzaji awashe muziki, kwa sababu muziki unadanganya, bum-bum linakutikisa kifua unatoa pesa. Mwambieni aweke mtu anayesoma habari. Sikilizeni S, sikilizeni SH, sikilizeni F. Zikipita safi, hapo ndipo muulize bei. Zisipopita, hata kama kimepambwa kwa dhahabu, rudini nyumbani.

Vita vilipokwisha nikarudi Musoma, nikafungua kibanda barazani pale mtaa wa Mukendo, mimi na Daudi. Daudi alikuwa seremala, Mjita, Mkristo, mtu mzima mwenzangu, mikono ya dhahabu na mdomo usiofungwa. Yeye alitengeneza masanduku ya redio yaliyopasuka, mimi nilitengeneza yaliyomo ndani. Redio zenyewe zilikuwa chache, za betri, na kila moja ilikuwa na mwenyewe anayejulikana mtaa mzima.

Makosa nilifanya, tena ya kipumbavu. Spika ni nini? Ni karatasi iliyokunjwa kama ile ya kufungia njugu, sumaku, na waya. Karatasi ikichanika unaiziba. Mwanzoni niliziba kwa uji wa muhogo, gundi ya bure, nikajiona mjanja. Wiki ya pili wateja wakaanza kurudi. "Fundi, redio inakohoa." Nafungua, nakuta mende wamekula kiraka na karatasi yenyewe mpaka kwenye sumaku. Daudi alicheka hadi akakaa chini. Tangu hapo nikatumia gundi yake ya mbao na karatasi ya sigara, na mende wakahamia kwingine.

Lazima niwaambie na tabia yangu, maana ndiyo iliyoleta balaa. Baba yangu alikuwa Mmanyema wa Ujiji, mtu wa msikiti, na Kiswahili nyumbani kwetu kilisemwa sawasawa. Pale Musoma kila mtu alikuwa na lugha ya kwao, Kiswahili alikitwaa kwa kuokoteza, na mimi nilikuwa nawacheka. Mtu akisema "mimi hapana taka", mimi namsahihisha palepale, "Sema sitaki!" Akisema kura akimaanisha kula, namuuliza anagombea nini. Daudi alikuwa akiniambia, "We fundi, iko siku utasahihisha mamba." Nilidhani ananionea wivu.

Sasa sikilizeni. Wiki moja zililetwa redio mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Mafuru wa Nyasura, kule Bunda, mfanyabiashara wa ng'ombe. Hiyo ilikuwa redio! Sanduku la mbao nene iliyopigwa vanishi ukajiona sura yako, kitambaa cha mbele kama cha kanzu ya harusi, na jina la kampuni kwa herufi za shaba. Alikuwa ameinunua Nairobi na alikuwa akiifunika shuka kama mtoto mchanga. Ya pili ilikuwa ya Mafuru mwingine, mvuvi wa kisiwa cha Rukuba, redio ya bei ya chini kabisa, sanduku lake limekwaruzwa na linanuka samaki, ningu wabichi. Zote mbili zilikuwa na ugonjwa mmoja, sauti ya kukwaruza, kutu imeingia kwenye sumaku.

Nikazitoa spika zote mbili, nikaziweka mezani nizisafishe. Halafu nikaziangalia vizuri. Nikazigeuza. Zilikuwa mapacha. Muhuri ule ule wa kiwanda kimoja, namba ile ile, kila kitu kile kile. Ile redio ya jina la shaba, iliyouzwa bei ya ng'ombe wazuri, ilikuwa na spika moja na ile ya mvuvi! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Sikujua kwamba nacheka kamba itakayonifunga.

Nikazisafisha, na ili nisizichanganye nikafunga vikaratasi. Na hapa ndipo ujuaji wangu uliponichimbia shimo. Mvuvi alipotamka jina lake nililisikia kwa L, Mafulu. Wa Nyasura nilimsikia kwa R, Mafuru. Badala ya kuandika "Nyasura" na "Rukuba" kama mtu mwenye akili, nikaandika "Mafuru" kwenye moja na "Mafulu" kwenye nyingine, najipongeza kwa sikio langu zuri. Jioni ile homa ikanishika. Malaria ya kutapika, siku nne sijui asubuhi wala jioni.

Nilipoinuka nikakuta meza tupu. Daudi, mwema wangu, alikuwa amerudisha spika kwenye masanduku yake, ameyafunga, na redio zote mbili zimekwisha kuondoka. Lori la Bunda lilikuwa linatoka, mtumbwi wa Rukuba ulikuwa unatoka, akaona asiwacheleweshe wateja.

"Daudi," nikamuuliza, "uliweka ipi wapi?"

"Ya Mafuru kwa Mafuru."

"Mafuru yupi?"

"Kwani hiyo si jina moja? We mwenyewe uliandika vibaya mara moja, mimi nikanyamaza nisikuaibishe."

Kwa lugha ya kwao hizo L na R ni sauti moja, hana namna ya kuzitenga, na kwa kweli hilo jina ni moja. Mjinga nilikuwa mimi. Nikajipa moyo, spika ni mapacha, nani atajua?

Haikupita wiki mbili. Shemeji yake Mzee Mafuru alifungua mgongo wa ile redio kubwa abadilishe betri, akaona kwenye spika muhuri wa kiwanda kingine, si lile jina la shaba la mbele. Ujumbe ukaja na dereva wa lori, mbele ya watu, dereva hakupunguza hata neno. "Mzee Mafuru anasema, fundi umeiba spika yangu ya kweli umeniwekea takataka. Tuonane barazani Bunda, Jumatano."

Wanangu, woga mnaujua? Mimi niliujua vitani, lakini ule unakuja na kelele na unapita. Huu ulikaa. Kwa kosa hilo mtu alikuwa anakwenda jela kuvunja mawe, na akitoka, nani atampa redio yake? Fundi hana shamba. Fundi ana jina tu. Na kilichonikaba kuliko vyote ni hiki: wizi sikufanya, naapa kwa Mungu, lakini kubadilishwa je? Huenda Daudi kweli alizibadilisha. Nikiulizwa "Je, hii ndiyo spika aliyokuja nayo?" nitajibu nini? Sikuwa najua. Mpaka leo sijui.

Nikapanda mtumbwi kwenda Rukuba. Yule Mafuru mvuvi alinipokea vizuri, akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamweleza. Akachezesha ndevu.

"Mie redio yangu inasema vizuri tu. Kama hii spika ni ya huyo tajiri, aje aichukue. Kama ni yangu, anyamaze. Wewe unatetemekaga nini?"

"Natetemeka jela, ndugu yangu."

"Ah. Hiyo sawa. Hata mie ningetetemeka."

Nikafungua redio yake. Ndani, ubavuni mwa sanduku, kulikuwa na karatasi ya kiwanda iliyobandikwa, imeorodhesha vitu vyote na namba zake, valvu hizi, spika hii. Nikakumbuka kwamba hata ile redio kubwa ilikuwa na karatasi kama hiyo! Kama haijachanwa, kama namba ya spika kwenye karatasi ni ile ile iliyo kwenye spika, basi mimi nimepona, kiwanda chenyewe kitakuwa shahidi wangu. Nikamwomba mvuvi aje Bunda na redio yake. Akakubali, akasema ana dagaa wa kuuza huko hata hivyo. Lakini usingizi bado haukuja. Karatasi ilikuwa nyumbani kwa mshitaki wangu, na kuchana karatasi ni kazi ya kupepesa jicho.

Jumatano tulifika Bunda, mimi, mvuvi na Daudi, saa nne asubuhi. Baraza, yaani mahakama ya wenyeji, lilikuwa nyumba ndefu ya matofali mabichi na bati, nje benchi la wanaosubiri. Nikakaa karibu na mtu mmoja aliyeitwa Wambura, mfugaji, mtu wa vijiji vya upande wa Butiama. Alikuwa na shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Alisingiziwa mbuzi. Alinieleza jambo lote, mbuzi walichanganyika malishoni, akawarudisha mwenyewe kesho yake, na bado wakamshitaki. Mdomo wake ulikuwa umekauka kama wangu. Woga unawapatanisha watu haraka, tukagawana muwa.

"Bwana fundi," akasema, "wewe unajuaga Kiswahili ya kweli. Mimi iko taka sema mbele ya wazee, mimi hapana chukua mbuzi ya mtu. Iko sawa?"

Hata pale, na woga ule wote, sikuweza kujizuia. Nikamwambia, "Ah, ndugu yangu, ukisema hivyo watakuona mshamba. Sema, Sikuchukua mbuzi wa mtu. Sikuchukua." Akarudia. Alikosea, nikamsahihisha. Akarudia tena na tena, anahesabu silabi kwa vidole, mpaka ikatoka safi. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Akaitwa yeye kwanza. Tulisogea mlangoni tutazame. Mkubwa wa baraza alikuwa Mzee Kitaro, mtu mrefu, mvi tupu, fimbo mkononi, na wazee wawili kando yake ambao kazi yao ilikuwa kutikisa kichwa kumkubalia. Chini yake karani na daftari. Walisema karani aliyetangulia alipata kumsahihisha Mzee Kitaro mbele ya watu, na sasa yuko mbali sana anahesabu marobota ya pamba. Huyu mpya alikuwa anaandika anachoambiwa.

"Ulichukua mbuzi?" Mzee akauliza.

Wambura akasimama wima, shati lake jipya, akatamka vizuri kama mwanafunzi. "Sikuchukua mbuzi wa mtu."

Mzee Kitaro akainamisha kichwa kidogo. Akamgeukia karani. "Andika. Amekubali."

Nilidhani mimi ndiye niliyesikia vibaya. Karani aliinua macho, akayateremsha, akaandika. Wambura akasema tena, kwa nguvu, "Sikuchukua! Sikuchukua!" Mzee akakunja uso. "Tumesikia, usipige kelele. Mtu anakubali halafu anajivunia?" Wazee wawili wakatikisa vichwa. Miezi sita. Askari akamshika mkono. Wambura alikuwa anageuza kichwa huku na huku kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Wakaniita mimi.

Mzee Mafuru wa Nyasura alikuwa amesimama na redio yake juu ya meza, imefunikwa shuka. Alisema maneno yake, kwa sauti nene kama ya ng'ombe wake, yakasikika mpaka barabarani. Kisha Mzee Kitaro akanielekezea fimbo.

"Wewe. Uliiba spika?"

Nilikuwa nimepanga maneno yangu siku mbili, usiku kucha. Nilikwisha kuamua kwamba la kubadilishwa nisiliguse, niape lile ninalolijua. Nikatoa Kiswahili changu bora, cha baba yangu, cha msikitini. "Sikuiba, Mzee wangu."

Mzee akainamisha kichwa vilevile. Akamgeukia karani.

"Andika. Amekubali."

Nikaona ncha ya kalamu inashuka kwenye karatasi. Mtu akishaandikwa kwamba amekubali, nani atafungua redio? Nani atasoma karatasi ya kiwanda? Nikafungua mdomo niseme tena sikuiba, kwa nguvu zaidi, kama Wambura, na kabla sijalitamka, nje, mbali, lori lilikuwa linapanda kilima, sisi hatujalisikia bado, na Mzee Kitaro akasema, "Lori ya pamba hiyo inakuja."

Alilisikia kabla yetu sote. Lile bum-bum alilipata lote. Na mimi nikamwona, si kama mzee wa baraza, bali kama kazi iliyoletwa mezani kwangu. Spika mbovu inakula S kwanza. Masikio yale yalikuwa yanasikia lori, ng'ombe, ngoma, na sauti nene za matajiri. S hayakuwa nayo. Nilisema sikuiba, yeye akapata ikuiba, na kwa masikio yaliyozoea Kiswahili cha kuokoteza hiyo ni nikaiba, basi. Kukana kwangu kote kulikuwa ndani ya ile S, na ile S haikufika. Wala mwenyewe hakujua. Nani angemwita kiziwi mtu anayesikia lori kabla ya wote?

Kalamu ilikwisha kugusa karatasi.

"Hapana, Mzee!" nikapiga kelele. "Hapana! Mimi hapana iba! Mimi hapana iba kitu ya mtu!"

Watu wakacheka. Daudi alikuwa mlangoni, najua alikuwa yeye aliyecheka wa kwanza, fundi wa Kiswahili cha msikitini anaongea kama kuli wa bandarini. Mimi machozi yananitoka. Mzee Kitaro akainua mkono, kicheko kikakatika.

"Hapana?"

"Hapana, Mzee. Mimi hapana iba. Fungua redio. Ona namba. Namba ndani, namba kwa kile chombo, ni moja."

Nilikuwa nachagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, naruka kila lenye S. Hata neno spika nililiogopa. Karani, Mungu amrehemu, akakata mstari juu ya alichoandika bila kungoja kuambiwa.

Wakaifungua. Karatasi ilikuwepo. Mzee Mafuru hakuichana, alikuwa mtu wa haki, ila ameumia. Karani akasoma namba kwenye karatasi, akasoma namba kwenye spika. Ile ile. Wakafungua na redio ya mvuvi. Ile ile. Mzee Kitaro akataka ziwashwe zote mbili, akaziwekea shuka juu, akamwambia Mzee Mafuru achague yake kwa sauti. Akasikiliza, akasikiliza, akachagua ile inayonuka ningu. Mvuvi akasema kwa upole, "Mzee, hiyo ni ya mie."

Kesi ikafutwa. Mzee Mafuru alinifuata pembeni, amenywea. "Fundi, sasa mimi nililipia nini?"

Nilimjibu kwa haki, kama ninavyowajibu ninyi leo. Umelipia mbao nene, haitikisiki, na hicho ni kitu. Umelipia transfoma iliyozamishwa kwenye nta, unyevu wa ziwa hautaiua upesi, na hicho ni kitu kikubwa, na kweli ya mvuvi ilikufa mwaka uliofuata, ya mzee ikadumu. Kilichobaki umelipia zile herufi za shaba. Cha bei kubwa mara nyingine kina kitu ndani, wanangu, lakini hakiko pale mnapokitazama, na sauti ndiyo sehemu ambayo wanauza jina kwa urahisi kuliko zote. Zaituni, vile vya kwako S inapita. Kama unazo hizo pesa, vaa. Ila vya yule rafiki yako vya bei ya chini nilivijaribu pia, na S inapita vilevile.

Nilitoka nje kwenye jua. Lori la pamba lilikuwa limesimama, linakwenda Musoma, Daudi na mvuvi wamekwisha kupanda wananipungia mikono. Na pale chini ya upenu alikuwa amekaa Wambura, askari kando yake, wanangoja wa kumpeleka. Shati jipya limechafuka magotini.

Nilikuwa najua. Katika watu wote wa Bunda siku ile, mimi peke yangu nilikuwa najua. Nilikuwa na hatua ishirini kurudi ndani na kusema, "Mzee, yule mtu alikana, ni masikio yako." Nikafikiria kusema vile mbele ya fimbo ile na wale wazee wawili. Nikafikiria karani wa marobota ya pamba. Nikafikiria ule mstari uliokatwa kwenye daftari, na jinsi mstari unavyoweza kuandikwa upya. Niliogopa, wanangu. Siwapambii. Nilikuwa nimetoka mdomoni mwa kitu na sikutaka kukigeukia.

Wambura aliniona. Akainuka nusu, askari akamrudisha chini.

"Bwana fundi," akasema, "nilikosea wapi? Nilisema vile ulinifundisha."

Dereva alipiga honi. Nikamwangalia vile vidole vyake alivyohesabia silabi.

"Hukukosea, ndugu yangu," nikamwambia. "Ulisema vizuri kabisa."

Nikapanda lori.